Plastiki yenye nyuzi fupi: njia ipi ya kukokotoa ukakamavu, nguvu na tabia za joto

Watu watatu wanaweza kuwa na plastiki ileile mkononi, yenye nyuzi za kioo au za kaboni zisizofika urefu wa milimita moja, na bado kila mmoja akahitaji hesabu yake. Wa kwanza anauliza kipande kitapinda kiasi gani chini ya mzigo. Wa pili anauliza kitavunjika lini. Wa tatu anauliza joto litapitaje ndani yake, na kitatanuka kiasi gani kikipashwa moto. Makosa makubwa huanza pale mtu anapoichukua fomula iliyomfaa kwenye swali la kwanza na kuipeleka ilivyo kwenye swali la tatu.

Msimamo wetu ni huu. Kwa ukakamavu, modeli zote za maana hukaribiana, kwa hiyo bidii iende kwenye data za kuingiza. Kwa upitishaji joto, pale nyuzi zinapopitisha joto vizuri sana, modeli yenyewe ndiyo inayoamua jibu. Kwa nguvu, hakuna modeli itakayofidia kutojua urefu wa nyuzi na jinsi zinavyoshikana na plastiki.

Mfano wa kulinganishia

Tuchukue nailoni 66 yenye 30% ya nyuzi za kioo kwa uzito, iliyosukumwa ikiwa imeyeyuka ndani ya kalibu. Moduli ya Young (kipimo cha ukakamavu) ya kioo ni 72 GPa, ya nailoni kavu kwenye 23 °C ni karibu 3.0 GPa. Uwiano wa Poisson (kiasi kitu kinavyosinyaa pembeni kikivutwa) ni 0.22 kwa kioo na 0.38 kwa nailoni. Kipenyo cha uzi ni maikromita 10 na wastani wa urefu baada ya kupita kwenye mashine ni milimita 0.25, yaani uwiano wa urefu kwa kipenyo ni 25.

Hatua ya kwanza ni kugeuza uzito kuwa ujazo, kwa sababu modeli zote hufanya kazi kwa ujazo. Msongamano wa kioo ni 2.55 g/cm³ na wa nailoni 66 ni 1.14 g/cm³. Vf, sehemu ya ujazo inayochukuliwa na nyuzi, ni:

Vf = (0.30/2.55) / (0.30/2.55 + 0.70/1.14) = 0.16

Asilimia 30 ya uzito ni asilimia 16 tu ya ujazo. Anayesahau hatua hii na kuingiza 0.30 kwenye fomula ya Halpin–Tsai (inaelezwa hapa chini) atapata karibu 18.7 GPa kwenye mwelekeo wa nyuzi, badala ya 11.0. Hakuna tofauti kati ya modeli mbili za maana za ukakamavu inayokaribia kosa hilo, na kosa lenyewe ni rahisi kufanya kwa sababu karatasi za data za plastiki hutaja uzito.

Ukakamavu: njia nne

Mipaka ya Voigt (1889) na Reuss (1929) ndiyo ya haraka kuliko zote. Voigt huchukulia kwamba uzi na matriksi (plastiki inayoushika) vinanyooka sawa. Reuss huchukulia kwamba vinabeba mkazo sawa. Kwa mfano wetu Voigt anatoa 14.0 GPa na Reuss 3.5 GPa. Pengo hilo ni pana mno kusanifia kitu, lakini mipaka ina kazi moja muhimu: jibu la njia nyingine yoyote likitoka nje yake, kuna kosa mahali fulani. Kompositi (plastiki pamoja na nyuzi zake) ikiwa haina mwelekeo maalumu, mipaka ya Hashin na Shtrikman ya mwaka 1963 hubana zaidi na inafaa kuchukua nafasi hiyo.

Modeli ya Cox (1952) inaeleza jambo ambalo mipaka inalikosa: mkazo huingia kwenye uzi kwa njia ya mkazo wa mkato pembeni mwake, kwa hiyo ncha za uzi hazibebi mzigo kamili. Sehemu ya uwezo wa uzi inayotumika ni

ηl = 1 − tanh(ns)/(ns)

ambapo s ni uwiano wa urefu kwa kipenyo, na n = √[2Em / (Ef (1+νm) ln(1/Vf))]. E ni moduli ya Young na ν ni uwiano wa Poisson; f ni ya uzi, m ni ya matriksi. Kwetu n ni 0.18, ns ni 4.5, na ηl inakuwa 0.78. Moduli ya mwelekeo wa nyuzi: 0.78 × 0.16 × 72 + 0.84 × 3.0 = 11.5 GPa. Uzuri wa Cox ni kwamba kila herufi ina maana ya kimwili na hesabu nzima inaingia kwenye mstari mmoja wa lahajedwali. Udhaifu wake ni kwamba haisemi lolote kuhusu mwelekeo wa kukingama na nyuzi, na kwamba ile ln(1/Vf) inatokana na dhana kuhusu nafasi kati ya nyuzi. Vitabu mbalimbali vina namba tofauti hapo, kwa hiyo ukilinganisha matokeo yako na ya mtu mwingine, angalia kwanza alitumia dhana ipi. Nyuzi zikiwa fupi sana, uwiano ukiwa chini ya 10 hivi, acha Cox.

Halpin–Tsai ndiyo inayotumika zaidi kiwandani:

E = Em (1 + ζηVf) / (1 − ηVf), na η = (Ef/Em − 1) / (Ef/Em + ζ)

Kwa mwelekeo wa nyuzi ζ, namba inayobeba umbo la uzi, ni mara mbili ya uwiano wa urefu kwa kipenyo, hapa 50. Kwa kukingama ζ ni 2. Inatoa 11.0 GPa na 4.5 GPa. Hii ni fomula ya kulinganishwa na data, haikutoka moja kwa moja kwenye nadharia, na hilo halina ubaya ukikaa pale ilipojaribiwa. Tatizo huja na nyuzi za kaboni. Uzi wa kaboni una karibu 230 GPa kwa urefu wake lakini karibu 15 GPa tu kwa upana. Ukiingiza 230 kwenye hesabu ya kukingama unapata 4.6 GPa, ukiingiza 15, ambayo ndiyo sahihi, unapata 3.9.

Mori–Tanaka imejengwa juu ya kazi ya Eshelby (1957) kuhusu chembe ya umbo la duaradufu ndani ya mata isiyo na mwisho. Mori na Tanaka waliongeza mwaka 1973 wazo la kwamba kila chembe huhisi wastani wa mkazo ulio ndani ya matriksi. Inakupa tensa nzima ya ukakamavu kwa mpigo mmoja: moduli zote, uwiano wote wa Poisson, na moduli za mkato. Tucker na Liang walipolinganisha modeli hizi mwaka 1999 kwa nyuzi fupi zilizolala upande mmoja, Halpin–Tsai ilionekana kutoa makadirio ya kuridhisha, lakini Mori–Tanaka ilikuwa miongoni mwa bora. Gharama yake ni programu ndogo yenye tensa ya Eshelby, ambayo unaiandika mara moja na kuitumia miaka.

Kuna tahadhari moja hapa. Ukiipa Mori–Tanaka nyuzi za pembe nyingi na urefu mbalimbali kwa pamoja, inaweza kurudisha tensa isiyo na ulinganifu, jambo lisilowezekana kimwili. Njia salama ni ya hatua mbili: kokotoa kompositi ya nyuzi zilizolala upande mmoja kwanza, kisha fanya wastani wa pembe.

| Njia (mfano wetu, nyuzi zote upande mmoja) | Kwenye mwelekeo wa nyuzi | Kukingama |
|---|---|---|
| Voigt | 14.0 GPa | – |
| Cox | 11.5 GPa | – |
| Halpin–Tsai | 11.0 GPa | 4.5 GPa |
| Reuss | – | 3.5 GPa |

Cox na Halpin–Tsai zimepishana kwa chini ya 5%. Sasa angalia hali ya nailoni yenyewe. Ikishanyonya unyevu wa hewa ya kawaida, moduli yake hushuka hadi karibu 1.4 GPa. Halpin–Tsai ileile inatoa 7.6 GPa, punguzo la 31% bila kugusa uzi hata mmoja. Karatasi za data huonyesha anguko la kiasi hichohicho, kutoka karibu 10 GPa kavu hadi kitu cha 7. Kwa nailoni, basi, swali la "kavu au yenye unyevu" huja kabla ya swali la "modeli gani".

Uelekeo wa nyuzi

Hakuna kipande cha kalibu chenye nyuzi zote upande mmoja. Karibu na kuta za kalibu plastiki hukwaruzana na kugeuza nyuzi zifuate mtiririko; katikati ya unene mtiririko hutanuka pembeni na nyuzi hulala kwa kukingama. Uwiano wa unene wa ganda na kiini hubadilika na kasi ya kusukuma, unene wa ukuta na mahali pa mlango wa kalibu. Ndiyo maana kipande cha jaribio la kuvuta cha umbo sanifu, ambacho ni chembamba na chenye nyuzi nyingi zilizonyooka, husoma juu kuliko kipande halisi.

Njia rahisi ni kuzidisha mchango wa nyuzi kwa namba moja ya uelekeo, ile ya Krenchel: 1 kwa nyuzi zote upande mmoja, 3/8 kwa nyuzi zilizotawanyika ovyo kwenye bapa, 1/5 kwa zilizotawanyika ovyo pande zote. Namba hizi ni wastani wa kosini ya pembe kwa kipeo cha nne. Programu za kuiga mtiririko, kwa upande mwingine, hutoa tensa ya uelekeo ya daraja la pili, ambayo ni wastani wa kosini kwa kipeo cha pili: 1/2 na 1/3 kwa hali zilezile mbili. Mtu akichukua a11 = 0.5 (sehemu ya tensa hiyo inayohusu mwelekeo mmoja) kutoka kwenye programu na kuiweka mahali pa namba ya Krenchel, ameongeza mchango wa nyuzi kwa theluthi moja. Kosa hili halionekani kwa macho kwa sababu namba zote mbili ziko kati ya 0 na 1.

Namba ya Krenchel pia hupuuza kile ambacho uzi hufanya ukiwa umekingama. Kwa nyuzi ovyo kwenye bapa, Cox pamoja na 3/8 inatoa 5.9 GPa, ilhali kanuni ya 3/8 ya moduli ya urefu na 5/8 ya moduli ya kukingama, kwa namba za Halpin–Tsai, inatoa 6.9 GPa. Tungechukua ya pili.

Njia kamili ni ya Advani na Tucker (1987): wastani wa tensa nzima ya ukakamavu kwa kutumia tensa za uelekeo za daraja la pili na la nne. Daraja la nne mara nyingi halipo kwenye faili ya matokeo, kwa hiyo hukadiriwa kutoka la pili. Makadirio ya mseto ya zamani hupenda kuonyesha nyuzi zimenyooka kuliko zilivyo. Makadirio ya othotropia (yenye pande tatu za ulinganifu) yaliyowekewa vigezo ni bora, na kama programu inakupa chaguo, chagua hayo. Modeli ya mtiririko yenyewe, ya Folgar na Tucker (1984), hufanya nyuzi zigeuke haraka mno, na ndiyo sababu marekebisho ya baadaye huipunguzia kasi. Usipowasha marekebisho hayo, kiini kitatoka chembamba kuliko uhalisia.

Nguvu

Hapa ndipo urefu wa nyuzi unapouma. Kelly na Tyson (1965) walionyesha kwamba kuna urefu wa kuanzia ambapo uzi unaweza kuvunjika kabla ya kuchomoka:

lc = σf d / (2τ)

Chukua nguvu ya uzi ndani ya kompositi (σf) 2000 MPa, kipenyo (d) maikromita 10, na mkazo wa mkato mpakani mwa uzi na plastiki (τ) 46 MPa (nguvu ya nailoni ya 80 MPa ikigawanywa kwa √3). lc inakuwa milimita 0.22. Wastani wetu wa milimita 0.25 umekaa karibu kabisa na mpaka huo, kwa hiyo sehemu kubwa ya nyuzi huchomoka bila kutoa nguvu yake yote.

Linganisha unyeti. Wastani wa urefu ukipanda kutoka 0.25 hadi 0.40 mm, moduli kwa Cox hupanda kutoka 11.5 hadi 12.4 GPa, nyongeza ya 8%. Mkazo wa wastani ambao uzi unaweza kubeba hupanda kutoka karibu 1130 hadi 1460 MPa, nyongeza ya 29%. Na uzi wa 0.10 mm hubeba 460 MPa tu. Kwa hiyo wastani mmoja wa urefu unatosha kwa ukakamavu, lakini kwa nguvu gawanya nyuzi katika makundi ya urefu, kokotoa kila kundi kwa kanuni yake (τl/d kwa zilizo chini ya lc, σf(1 − lc/2l) kwa zilizo juu), kisha jumlisha kwa uzito wa ujazo wa kila kundi.

Kwa namba ya uelekeo ya 0.7 na matriksi inayobeba 70 MPa, mfano wetu unatoa 0.7 × 0.16 × 1130 + 0.84 × 70, karibu 185 MPa. Karatasi za data za plastiki ya aina hii ikiwa kavu huzunguka 190 MPa. Usidanganywe na ukaribu huo. Teremsha τ kutoka 46 hadi 35 MPa na jibu linaanguka hadi 157. Namba hiyo τ hutegemea dawa ya kupaka nyuzi, unyevu na joto, na hairuhusu kubahatishwa. Kadiri joto linavyopanda, matriksi hulainika, lc hurefuka, na kipande kinapoteza nguvu haraka kuliko ukakamavu ungekuonyesha. Kama una fedha ya jaribio moja tu, litumie hapa: rekebisha τ hadi mstari wa modeli upite kwenye vipimo vyako vya kuvuta, kisha usiiguse tena unapobadilisha urefu au uelekeo.

Kutanuka kwa joto

Fomula za Schapery (1968) zinafaa kwa kuanzia. Kiwango cha kutanuka, α, kwa kioo (αf) ni 5 na kwa nailoni (αm) ni 80, zote kwa milioni kwa digrii. Kwa nyuzi ndefu (1 ni mwelekeo wa nyuzi, 2 ni kukingama, Vm ni sehemu ya ujazo ya matriksi, ν12 ni uwiano wa Poisson wa kompositi):

α1 = (Ef αf Vf + Em αm Vm) / (Ef Vf + Em Vm) = 18.5
α2 = (1+νf) αf Vf + (1+νm) αm Vm − α1 ν12 = 87

Kwa nyuzi fupi, zidisha Ef kwa ηl ya Cox. Hapo α1 inapanda hadi 21.4. Lakini jambo la kuangalia ni α2. Ni kubwa kuliko ya nailoni tupu! Uzi huzuia matriksi kutanuka kwa urefu, nayo inajisukumia pembeni. Anayedhani kwamba kuongeza kioo hupunguza kutanuka pande zote atashangaa kipande kikipinda baada ya kutoka kwenye kalibu, hasa pale ganda na kiini vinapokuwa na uelekeo tofauti.

Njia bora ni kutumia uhusiano wa Levin (1967), uliopanuliwa na Rosen na Hashin mwaka 1970. Kwa kompositi ya vitu viwili tu, kutanuka kwa joto kunapatikana moja kwa moja kutoka kwenye tensa ya ukakamavu, bila dhana mpya. Ukishakuwa na tensa nzuri ya Mori–Tanaka iliyofanyiwa wastani wa pembe, kutanuka ni mstari mmoja wa ziada. Kwa kaboni, ambayo kwa urefu hunywea kidogo ikipata joto (karibu −0.5) na kwa upana hutanuka, Schapery ya kawaida haifai kwa sababu imeandikwa kwa uzi wenye tabia sawa pande zote, tumia Rosen–Hashin.

Kosa linalorudiarudia ni kutumia αm moja kwa masafa yote ya joto. Ukivuka joto la mpito wa kioo la plastiki (pale plastiki inapoacha kuwa ngumu kama kioo), αm hupanda ghafla na Em huanguka, na viwili hivyo huvuta α1 pande tofauti. Gawa masafa katika hatua za digrii 10 au 20, kokotoa α ya kila hatua, na jumlisha mnyooko. Hakikisha pia kama data yako ya αm ni ya papo kwa papo au ni wastani kutoka 23 °C.

Upitishaji joto

Kwa kioo mambo ni mepesi. Kioo hupitisha karibu 1.0 W/mK na nailoni 0.25. Mipaka ya sambamba na mfululizo ni 0.37 na 0.28. Halpin–Tsai inatoa 0.364, Mori–Tanaka 0.369 kwenye mwelekeo wa nyuzi. Chagua yoyote, kosa la kipimo litakuwa kubwa kuliko tofauti zao.

Sasa badilisha nyuzi ziwe za kaboni ya lami zenye 500 W/mK, kiasi na uwiano vibaki vilevile.

| Njia | Kioo (1 W/mK) | Kaboni ya kawaida (10 W/mK) | Kaboni ya lami (500 W/mK) |
|---|---|---|---|
| Mpaka wa juu | 0.37 | 1.8 | 80 |
| Mori–Tanaka | 0.37 | 1.6 | 9.3 |
| Halpin–Tsai, ζ = 50 | 0.36 | 1.2 | 2.6 |

Data ni ileile kwa kila njia, na kwa kaboni ya lami majibu yanatoka 2.6 hadi 80. Sababu inaeleweka. Joto linapita kwenye uzi kwa urahisi, lakini ili litoke uzi mmoja hadi mwingine lazima livuke plastiki, na plastiki ndiyo inayobana. Mpaka wa juu haujui kwamba uzi una mwisho. Halpin–Tsai inajua, ila ζ yake ya mara mbili ya uwiano ilirekebishwa kwa ukakamavu. Kwa upitishaji, ukigeuza umbo la duaradufu lenye uwiano 25 kuwa ζ, unapata karibu 213, siyo 50. Kwa hiyo usihamishe ζ ya ukakamavu kwenda kwenye joto. Kwa hali hii tumia Mori–Tanaka ya upitishaji, au modeli ya Hatta na Taya (1985) iliyo ya ukoo huohuo.

Hata hiyo ina mapengo mawili. La kwanza ni ukinzani wa joto mpakani mwa uzi na plastiki, ambao modeli ya Nan na wenzake (1997) inauingiza. Kwa nyuzi nene za maikromita 10 athari yake ni ndogo kuliko kwa vijiti vya nano, lakini mpaka ulioachana hubadilisha hali. La pili ni nyuzi kugusana. Zikianza kuunda mtandao, joto lina njia isiyopita kwenye plastiki, na hakuna modeli ya chembe moja moja itakayoliona hilo. Kipimo kikitoka juu sana kuliko Mori–Tanaka, shuku mtandao.

Kuiga muundo wenyewe

Modeli za hapo juu zikishindwa, unajenga kisanduku kidogo chenye nyuzi kadhaa na kukokotoa kila sehemu yake. Kuna njia mbili.

Elementi finiti, njia ya kugawa umbo katika vipande vidogo vya hesabu, hutoa uso safi wa uzi na hukuruhusu kuweka mpaka unaoweza kuachana, kwa hiyo inafaa kwa nguvu na uharibifu. Ugumu uko kwenye wavu wa elementi: nyuzi mbili zikikaribiana, pengo kati yao hujaa elementi zilizopondeka. Weka umbali wa chini kati ya nyuzi, na angalau elementi nane kuzunguka uzi. Kujaza kisanduku kwa kudondosha nyuzi moja moja bila kugongana hukwama mapema nyuzi zikiwa ndefu na zimetawanyika pande zote. Hapo anza na nyuzi chache zilizolegea kisha ubane kisanduku.

Njia ya Fourier ya Moulinec na Suquet (1994) hufanya kazi moja kwa moja kwenye vokseli (vijisanduku vya picha ya pande tatu), haihitaji wavu, na inapokea picha ya tomografia (ya eksirei ya pande tatu) ilivyo. Kisanduku cha maikromita 500 kila upande kwa vokseli za maikromita 2 kina vokseli milioni 15.6, jambo ambalo kompyuta ya kawaida ya kazi inalimudu. Lakini kasi ya kukamilika hupungua kadiri uzi na matriksi vinavyotofautiana, kwa hiyo kaboni ya lami na viputo vya hewa huhitaji toleo lililoboreshwa la algorithmu. Vokseli tano kwa kipenyo ni chache kwa mkazo wa mpakani ingawa zinatosha kwa wastani.

Kwa zote mbili kisanduku kiwe angalau mara mbili ya urefu wa uzi, na mipaka ya kisanduku iwe ya kujirudia, yaani upande mmoja uendelee pale wa mkabala unapoishia. Mipaka ya mnyooko wa kulazimisha huongeza ukakamavu, ya mkazo wa kulazimisha huupunguza. Unahitaji mizigo sita kwa tensa ya ukakamavu, mitatu kwa upitishaji, na mmoja kwa kutanuka. Rudia kwa mpangilio mwingine wa nyuzi mara kadhaa. Mtawanyiko wa majibu ukizidi 3% hivi, kisanduku ni kidogo.

Mitandao ya kujifunza kwa mashine ni nakala ya haraka ya visanduku hivi. Inafaa pale kipande kizima kina maelfu ya maeneo yenye uelekeo tofauti na unahitaji jibu la kila eneo. Haifai nje ya eneo ililofunzwa: uliyoifunza kwa 10 hadi 20% ya ujazo usiiulize kuhusu 30%.

Uchague ipi

Unachagua tu kati ya plastiki mbili na huna kipande bado: mipaka, Cox na lahajedwali, kwa moduli ya matriksi ya hali halisi ya unyevu na joto. Unasanifu kipande cha kioo kwa ukakamavu na kupinda baada ya kalibu: programu ya mtiririko, Mori–Tanaka ya hatua mbili, wastani wa Advani–Tucker, na Levin kwa kutanuka. Tabaka za hesabu kwenye unene wa ukuta zisipungue kumi, la sivyo kiini kitapotea. Unasanifu kwa nguvu: hayo yote pamoja na Kelly–Tyson yenye makundi ya urefu na τ iliyorekebishwa kwa vipimo. Unasanifu kifaa cha kutoa joto chenye kaboni: Mori–Tanaka kwa makadirio, kisha vokseli kutoka kwenye tomografia kabla ya kukata kalibu.

Data za nyuzi zinapatikana kwa kuchoma sampuli. Kioo huvumilia 550 hadi 600 °C hewani. Kaboni ingeungua, kwa hiyo ondoa matriksi ndani ya gesi ya nitrojeni au iyeyushe kwa asidi. Nailoni huyeyuka kwenye asidi ya fomiki. Majivu ya kioo ni tete: tawanya nyuzi ndani ya maji badala ya kuvuta kifungu kwa koleo, kwani koleo huvunja nyingi na huchagua ndefu. Hesabu angalau elfu kadhaa, na andika wastani wa idadi na wastani wa uzito, maana vinaweza kupishana sana.

Uelekeo husomwa kwenye sehemu iliyokatwa na kung'arishwa, ambapo kila uzi huonekana kama duaradufu. Uwiano wa mhimili mfupi kwa mrefu ni kosini ya pembe yake kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya bapa la kukata. Nyuzi zilizosimama wima kwenye bapa huonekana karibu duara, na hapo kosa dogo la kusoma huwa kosa kubwa la pembe, kwa hiyo kata kwa mshazari. Kumbuka pia kwamba bapa hukata nyuzi zilizosimama mara nyingi zaidi kuliko zilizolala. Usipozipa uzito unaostahili, picha yote itapinda.

Kuthibitisha, kata vipande vya kuvuta kutoka kwenye sahani bapa kwa 0°, 45° na 90° kutoka kwenye mtiririko, usitegemee kipande sanifu cha jaribio pekee. Modeli iliyorekebishwa kwa 0° ikakosa kwenye 90° kwa zaidi ya 10% ina uelekeo usio sahihi. Ikikosa kote kwa kiasi kilekile, angalia kwanza moduli ya matriksi na Vf.